Winga wa trai tatu au namba 13 wa kinyozi?

Swali, kutoka Makorora, Tanga: "Shikamoo Mwalimu. Tuko wanne, huwa tunaangalia raga ya ligi ya Australia kwenye saluni ya kinyozi mtaani kwetu. Mechi ikiisha kila mtu anatoa alama za wachezaji, moja hadi kumi. Ijumaa iliyopita tulikaribia kushikana mashati. Mimi nilimpa winga namba 5 alama 10, kwa sababu amefunga trai tatu, yaani mara tatu kauweka mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, zote kipindi cha pili: moja kaurukia mpira wa juu akaudaka mbele ya watu wawili, mbili kapewa pasi akiwa hana mtu mbele yake. Kweli aliangusha mpira mara mbili kwenye eneo la timu yake, lakini trai tatu ni trai tatu. Kinyozi kampa 6, halafu akampa 9 namba 13 ambaye mimi sikumwona akifanya la maana. Mwenzetu wa tatu ana programu ya takwimu kwenye simu, anasema namba 13 alikaba mara 41 bila kukosa hata mara moja, basi ni 10 na mjadala umefungwa. Wa nne anampa alama aliyegonga watu kwa nguvu. Niseme pia kwamba Ijumaa sisi watatu tukitoka msikitini tunakuta kipindi cha pili ndiyo kinaanza. Nani yuko sahihi, na wataalamu wanapimaje?"

Marahaba, mwanangu. Hilo ulilolichomeka mwishoni ndilo lenye zaidi ya nusu ya jibu. Saa mbili usiku ya Sydney, katika miezi yao ya baridi, ni saa saba mchana ya Tanga. Wakati ninyi mnasikiliza hotuba, kinyozi amebaki na kiti kitupu na mechi inaendelea. Kwa hiyo hamkuwa watu wanne mliotazama mechi moja. Watatu mmeona dakika 40, mwenzenu kaona 80, halafu mnamshangaa anavyogawa alama.

Kabla sijaenda mbali, kuna watakaosoma hapa wakadhani tunazungumzia raga ya watu 15 wanayotamba nayo Afrika Kusini, au ile ya watu saba tuliyozoeshwa na Wakenya. Hii ni ya watu 13. Ilizaliwa tarehe 29 Agosti 1895, katika George Hotel mjini Huddersfield, vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilipojitenga kwa sababu ya ujira. Wachezaji wao walikuwa vibarua wa migodini na viwandani. Ukienda kucheza Jumamosi, mshahara wa siku hiyo umeukosa, na wakubwa wa mchezo walikataa kabisa wafidiwe. Mtu wa Tanga aliyekulia kwenye katani au bandarini hahitaji kuelezwa sana habari hiyo. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji wawili, na mchezaji aliyekabwa akaruhusiwa kusimama, kuuweka mpira chini na kuuviringisha nyuma kwa mguu ili timu yake iendelee.

Nimekurudisha huko kwa sababu kanuni hiyo ndiyo iliyoufanya mchezo huu uhesabike. Timu inapewa nafasi ya kukabwa mara sita, ikimaliza inatoa mpira. Tunaita seti. Mechi nzima ni seti juu ya seti, kama tasbihi, na kila punje ina mwenyewe: nani kabeba, nani kakaba, mita ngapi, sekunde ngapi. Watu wa takwimu wanaupenda kufa. Huo ndio uzuri wake, na ndipo rafiki yako mwenye programu anapopotelea.

Sasa kipindi cha kwanza, ambacho hamkukiona. Mtu anapokabwa, mababe wawili watatu wanamng'ang'ania na kumlaza. Mpira unapochezwa, timu inayozuia lazima iwe imerudi nyuma mita 10, isipokuwa wale wasiozidi wawili wanaobaki mbele ya mpira. Fikiria mwenyewe: unamwangusha mtu wa kilo 110, unainuka, unarudi mita 10, unakuja mbele tena kugongana na mwingine, mara sita mfululizo. Dakika 20 za mwanzo kila mtu anaweza. Dakika ya 60 mtu anainuka polepole, anarudi mita 7 badala ya 10, anaachana na mwenzake hatua moja. Hatua hiyo moja ndiyo mlango aliopita winga wako. Mlango ulifunguliwa na namba 8, namba 10 na namba 13 saa saba na robo, wakati wewe umekaa safu ya tatu msikitini.

Haimaanishi winga hastahili kitu. Sipendi kabisa ule ubishi wa kujifanya mjuzi kwa kumdharau mfungaji. Tuzitazame trai zake moja moja. Ile ya hewani ni yake: kukimbia nyuma ya mpira uliopigwa juu, kupanga hatua, kuruka kwa wakati na kuudaka huku watu wawili wanakupiga mbavuni ni kazi ya miaka. Hizo mbili alizopewa pasi akiwa peke yake, sehemu kubwa ni ya senta aliyewavuta walinzi wawili ndipo akaachia, na ya aliyeanzisha shambulio kabla ya hapo. Winga alichofanya ni kubaki pembeni bila kukimbilia ndani kwa tamaa, na hilo si dogo, lakini si la alama kumi. Ubao unaandika trai tatu zenye uzito mmoja, pointi 4 kila moja. Anayetoa alama anatakiwa kuzipima upya.

Halafu ile mipira miwili iliyomponyoka, uliyoitaja kama mtu anayekiri deni dogo. Kuangusha mpira si kosa moja, ni makosa mengi yenye jina moja. Ukiangusha kwenye mkabo wa tano, mita chache kutoka mstari wa wapinzani, umepoteza kidogo tu, maana mpira ungeondoka baada ya mkabo mmoja. Ukiangusha kwenye mkabo wa kwanza ndani ya mita 20 zako, wenzako waliomaliza sasa hivi kuzuia seti nzima wanageuka kuzuia nyingine, palepale mlangoni kwao, kabla hawajavuta pumzi. Umewaibia. Nikikuta kosa la namna hiyo nakata alama nzima, na trai ikifuata nakumbuka nani aliileta. Kuna mechi mchezaji kafunga mbili na kusababisha mbili, watu wanambeba mabegani.

Kinachonipeleka kwenye swali la kwanza kabisa, ambalo hukuliuliza: alitumwa afanye nini? Wapimaji wa kweli wanaanzia hapo. Kwenye NRL, hiyo ligi ya Australia mnayoangalia, namba za mgongoni zinafuata nafasi. Namba 1 ni fulubeki, wa mwisho nyuma kabisa. Namba 2 na 5 ni mawinga, 3 na 4 masenta, 6 na 7 ndio wapangaji wa mchezo. Namba 8 na 10 ni wazito wa mbele, 9 anachukua mpira kila unapochezwa na kuugawa, 11 na 12 wanakimbia pembeni mwa wazito, na 13 ni kiraka cha katikati. (Mkihamia ligi ya Uingereza mtachanganyikiwa, kule mchezaji hupewa namba ya msimu mzima, namba 23 anaweza kuwa winga. Na neno beki msilichukulie kama la kwenye soka la Mkwakwani: kwenye raga mabeki ndio wenye mbio, wanaofunga.)

Namba 9 akikaba mara 40 ni siku ya kawaida kazini, kwa sababu anasimama katikati na kila mzito anamkimbilia yeye. Winga akikaba mara 40, kuna janga. Mzito wa mbele akikimbia na mpira mita 100 ametimiza wajibu, 150 ameamka vizuri, 200 anza kuuliza jina lake. Mtu wa namba 7 akiwa na mita 30 hujapata habari yoyote, maana kazi yake si kubeba. Kwa hiyo ukiona takwimu, usiulize ni nyingi au chache. Uliza ni za nani.

Hata mita zenyewe zina bei tofauti, kama samaki wa alfajiri na wa saa kumi jioni. Fulubeki anayeupokea mpira uliopigwa mbali anaweza kupata mita 15 kabla hajakutana na mtu. Ni mita za bure, ingawa ni zake kihalali. Ila yule anayeuchukua mpira mita tano kutoka mstari wake, watu watatu wanamsubiri wamejipanga, akatoka na mita 8, amenunua kila moja kwa mbavu. Siku hizi mawinga wengi wanafanya kazi hiyo, wanaingia ndani kubeba mkabo wa kwanza na wa pili ili wazito wapumue. Muulize kinyozi kama namba 5 alifanya hivyo kipindi cha kwanza. Kama alifanya mara sita au saba, nitamrudishia alama moja niliyomkata.

Sasa zile 41 bila kukosa. Rafiki yako amekosea kwa namna ya kuvutia kuliko ninyi wote, kwa hiyo nikae naye kidogo.

Takwimu ya kukaba haisemi nani aliyemsimamisha mtu na nani aliyefika wa tatu kushika mguu wakati mwenye mpira yuko chini tayari. Wote wanaweza kuhesabiwa. Mchezaji mwerevu mvivu anaweza kujaza 35 kwa kulalia watu walioangushwa na wengine. Kinyume chake ni kukosa. Ili uandikiwe kwamba umekosa, lazima uwe umejaribu. Aliyechelewa kurudi, ambaye pengo lilikuwa lake na hakuwepo, haandikiwi chochote, kitabu chake ni cheupe. Na yule aliyetoka mbele kwa kasi kuziba pasi, akamgusa mtu akamponyoka, lakini akamlazimisha arudi ndani kwenye kundi la walinzi, anaandikiwa kosa wakati kaokoa trai. Ndiyo maana "hakukosa hata mara moja" kwangu ni mwanzo wa maswali.

Ninachotazama kwa namba 13 ni vitu vitatu ambavyo programu nyingi za simu hazikuonyeshi. Kwanza, mtu anayemkaba anaanguka vipi. Akianguka kifudifudi, magoti na viwiko vikiwa chini, atainuka haraka na mpira utatoka haraka. Akilazwa chali itabidi ageuke kwanza, na walinzi wengine wanapata sekunde ya kurudi mstarini. Hesabu kimya kimya tangu mwamuzi anapotaka aachiwe: mpira ukitoka kabla hujafika mbili, wanaozuia wamo hatarini. Pili, baada ya kukaba anafika wapi. Kuna wanaokaba wakasimama kutazama, na kuna wanaokaba, wakarudi, wakawa tena kwenye mkabo unaofuata. Huyo wa pili ndiye anayekula pumzi ya timu nyingine. Tatu, akiwa na mpira, anaamua nini. Namba 13 wa siku hizi anaupokea akiwa karibu na mlinzi, anaweza kubeba mwenyewe, kumpa wa ndani, au kuupitisha nyuma kwa namba 6. Mlinzi akisita nusu hatua kwa kutojua lipi linakuja, kazi imefanyika hata kama jina lake halitatajwa.

Wewe ulisema hukumwona akifanya la maana. Naamini. Kamera inafuata mpira, na kazi nyingi ya raga iko mahali mpira haupo.

Hili nilifundishwa kwa aibu. Nilipokuwa nasoma Huddersfield nilikwenda mechi ya timu ya mtaa, mvua nyembamba, daftari mkononi, najiona mtaalamu. Nikampa fulubeki 5 kwa sababu aligusa mpira mara chache mno. Mzee mmoja mstaafu wa kiwandani, jirani yangu kwenye benchi, akachungulia daftari akacheka hadi chai ikamwagika kwenye koti lake. Akaniambia nisahau mpira kwa dakika kumi, nimtazame yule kijana tu. Nikafanya hivyo. Kumbe hakukaa kimya hata sekunde moja: anapiga kelele, anawahesabu walinzi, anamsukuma mmoja kushoto, na kila mpigaji wa wapinzani anapoinua kichwa kutafuta nafasi wazi, anakuta huyu ameshasimama hapo. Mpira haukumfikia kwa sababu yeye alishafika. Niliifuta ile 5, nikaandika 8, mzee akakubali kwa kichwa na kuniongezea chai.

Wapangaji, namba 6 na 7, nawapima mwisho wa seti. Mkabo wa tano ukishapita, mara nyingi mpira unapigwa kwa mguu, na swali langu ni moja tu: wapinzani wanaanzia wapi? Teke linalodondoka pembeni, winga wao akakabwa mita 8 kutoka mstari wake, ni kazi safi hata kama hakuna aliyepiga makofi. Teke linalowafungia ndani ya eneo lao la trai linarudisha mpira kwetu, seti mpya. Na lile la kuanzia ndani ya mita 40 zako, likadunda uwanjani na kutoka nje ndani ya mita 20 zao, ni dhahabu, mpira unarudi kwa aliyepiga. Lakini teke la kujionyesha linalovuka mstari wa mwisho bila kuguswa, kwenye NRL linawapa wapinzani kuanzia mita 20 na mikabo saba badala ya sita. Mkiona mtu wa namba 7 amefanya hivyo mara tatu, msidanganywe na pasi moja tamu.

Kwa mwenzenu wa nne nitakuwa mfupi. Mgongano unaosikika hadi barabarani si lazima uwe mkabo mzuri. Kama aliyegongwa amebaki amesimama na mkono huru, akatoa pasi, kilichopatikana ni kelele. Na bega likipanda hadi kichwani ni penalti, pengine anatolewa nje, dakika 10 timu ina watu 12. Alama moja chini, bila huruma.

Umeuliza wataalamu wanapimaje. Kwenye tuzo kubwa hawatumii kumi kabisa. Medali ya Dally M ya Australia inatoa kura 3, 2 na 1 kwa wachezaji watatu bora wa kila mechi. Tangu 2023 waamuzi wa kura ni wawili kila mechi, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuondoka na 6. Uingereza, tuzo ya Man of Steel, iliyoanza 1977, nayo imeingia kwenye utaratibu wa 3, 2, 1 kwa jopo la wachezaji wa zamani. Ninaupenda utaratibu huo kwa sababu unakunyima maficho. Huwezi kuwapa wanane 8 ukaenda kulala, lazima useme huyu kamzidi huyu.

Na wanaojua hawafungwi na matokeo. Medali ya Clive Churchill ya mchezaji bora wa fainali, tangu 1986, imewahi kwenda kwa walioshindwa, kama Bradley Clyde 1991, Daly Cherry-Evans 2013, na Jack Wighton 2019 ambaye Canberra yake ilifungwa 14 kwa 8 na Sydney Roosters. Watu walibishana, na bado wanabishana, sawa na hapo saluni. Mwaka 2014 ilikwenda kwa Sam Burgess wa South Sydney, aliyevunjika mfupa wa shavu mwanzoni kabisa mwa mechi akacheza hadi mwisho. Simulizi zote ni za shavu. Mimi nasema alistahili kwa alichobeba na alichokaba. Maumivu hayana safu kwenye daftari langu, vinginevyo tungewapa alama madaktari.

Daftari langu lenyewe ni la shule, la mistari. Kila mchezaji anaanza na 6, maana yake amefanya alichoajiriwa kufanya. Anapanda kwa kitu kilichobadilisha mechi, anashuka kwa kitu kilichowagharimu wenzake. Situmii nusu, nusu ni woga. Aliyecheza dakika 25 simpimi kwa rula ya aliyecheza 80, hasa mzito anayetolewa na kurudishwa: namuuliza timu ilikuwa mita ngapi mbele au nyuma alipokuwa ndani. Kumi nimeitoa mara mbili maishani, na moja kati ya hizo naijutia.

Kwa rula hiyo, winga wako anaanza 6. Trai ya hewani inampandisha mbili, zile mbili za pasi kwa pamoja moja. Mipira miwili aliyoangusha eneo la timu yake inamshusha mbili. Ni 7, kinyozi alikuwa karibu kuliko wewe, ila amembania kidogo. Namba 13: 41 kwa mtu wa katikati ni kazi ya kutosha, moja juu. Kwa kuwa kinyozi aliyemwona dakika zote 80 anashikilia kwamba ndiye aliyewachosha wale, moja nyingine. Ni 8. Kufika 9 nataka kinyozi anionyeshe hata seti moja ambayo bila huyo mtu ingeisha vingine, na naona kama anayo.

Ijumaa ijayo fanyeni hivi. Kinyozi aandike kipindi cha kwanza peke yake, mchezaji mmoja kila dakika kumi, bila kutazama mpira. Ninyi watatu andikeni cha pili, na mwenye programu azime simu hadi mwamuzi apige filimbi ya mwisho. Kwanza mpige kura 3, 2, 1, kila mtu kwenye karatasi yake, ndipo mfungue. Halafu mnitumie karatasi zote nne, ya kinyozi iwe juu.